Mtoto Bila Daftari

Tangu mimi na mume wangu tulipowaambia watu kwamba tunataka kuasili mtoto, kuna ushauri mmoja ambao tumepewa kuliko mwingine wowote: "Chukueni tu mtoto, mleeni. Mahakama ya nini?" Tumeambiwa hivyo na ndugu, na majirani, na watu tunaosali nao, na hata na mwalimu mmoja aliyesoma kutuzidi sote. Sina shaka kwamba wanatutakia mema. Hata hivyo ushauri wenyewe ni mbaya, na ninaandika makala haya ili nieleze kwa nini ni mbaya, ni nani anayefaidika nao, na ni nani anayeumia.

Mimi ni Muganda, mwanafunzi wa Kiswahili na elimu hapa Kampala. Nimeolewa miaka tisa na hatujajaliwa mtoto. Mwaka huu tulipeleka maombi yetu kwa afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya tunayoishi. Tumepata barua ya mwenyekiti wa LC1, tumepimwa afya, tumeomba hati ya polisi ya kuonyesha kwamba hatuna kosa la jinai. Afisa amekuja nyumbani mara moja. Alitazama choo, maji na chumba ambacho mtoto atalala. Aliuliza mshahara wa mume wangu na faida ninayopata katika kushona nguo. Kisha akatuuliza swali ambalo hakuna jamaa aliyewahi kutuuliza: mkigombana, mnagombana vipi? Mtoto bado hatujapewa. Tukipewa, tutaishi naye mwaka mzima kama wazazi wa kambo huku afisa akitutembelea, ndipo turuhusiwe kwenda mbele ya hakimu.

Hapo ndipo watu wanaposhika vichwa. Mwaka mzima kwa ajili ya karatasi! Watoto wanalala wengi katika nyumba za kulelea, nanyi mnazunguka maofisini!

Sisi tunaojifunza Kiswahili tuna bahati ya kuwa na vitenzi viwili vya kutusaidia kujibu. Kulea ni kumlisha mtoto, kumvisha, kumsomesha na kumfundisha adabu. Kuasili ni kumfanya mtoto aliyezaliwa na wengine awe mtoto wako kisheria, nawe uwe mzazi wake. Katika Luganda ya kila siku, kitenzi okulera hubeba karibu mzigo wote huo peke yake. Yaya anayembeba mtoto wa tajiri yake analera, nyanya anayebaki na wajukuu analera, na mimi nikisema nataka kuasili, jirani yangu husikia kwamba nataka kulea. Ndiyo maana anashangaa. Tangu lini mtu akaomba ruhusa ya kutenda wema?

Kulea hakuhitaji hakimu, nakubali. Lakini anayelea anaweza kuacha. Yaya huondoka mwisho wa mwezi. Mjomba hubadilika mke mpya anapoingia nyumbani. Amri ya mahakama ikishatolewa, sitaweza kumrudisha mtoto kwa sababu anakojoa kitandani, wala kwa sababu Mungu amenijalia mimba baadaye. Wanaotuambia "chukueni tu" hawaoni kwamba wanatuachia sisi wawili mlango wa nyuma ukiwa wazi, na kwamba siku moja huyo mtoto anaweza kutolewa kwa mlango huohuo.

Wapinzani wangu wana hoja moja nzito, nami sitaipita kimya. Wanasema sisi Waafrika tumelea watoto wa ndugu zetu tangu zamani, na hapakuwa na hakimu. Ni kweli. UKIMWI ulipoanza kuonekana katika nchi yetu mwaka 1982, kwenye vijiji vya wavuvi vya Rakai kando ya Ziwa Viktoria, haikuwa mahakama iliyowalea yatima. Waliowalea ni akina nyanya, wazee ambao wenyewe walistahili kutunzwa, kila mmoja na wajukuu wake watano, sita au zaidi chini ya paa moja. Mtu yeyote anayedharau malezi ya ukoo haijui historia ya Uganda.

Hata hivyo tuutazame ukweli huo wote, si nusu yake. Watoto wa Rakai walikuwa na ukoo uliojua majina yao na majina ya baba zao. Na pamoja na hayo, katika miaka hiyohiyo, wajane na yatima wengi walinyang'anywa mashamba na nyumba na ndugu wa marehemu, kabla hata udongo wa kaburi haujakauka. Ikiwa mtoto wa damu, mwenye jina la ukoo na makaburi ya babu zake shambani, aliweza kufukuzwa, itakuwaje kwa mtoto aliyeokotwa kwenye lango la hospitali akiwa na siku tatu?

Jibu nimeliona kwa macho yangu. Nilisoma shule ya msingi na msichana aliyelelewa na mzee mmoja wa kijijini kwetu na mkewe. Walimchukua akiwa mchanga, wakampenda, wakamlipia karo mpaka kidato cha nne. Hakuna aliyewahi kumwita yatima. Mzee alipofariki, tulikwenda wote kwenye okwabya olumbe, sherehe ya kumaliza msiba na kumsimika mrithi. Mrithi alivishwa vazi la gome la mti, akapewa mkuki. Kisha mzee wa ukoo akasimama na kutaja watoto wa marehemu mmoja mmoja. Waliozaliwa na mama wa nyumba ile walitajwa. Wawili waliozaliwa nje, ambao hatukuwahi kuwaona, walitajwa. Msichana aliyekuwa akimkanda mzee miguu miaka miwili ya ugonjwa wake hakutajwa. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyempiga. Jina lake halikuwamo tu. Kabla mwaka haujaisha alikuwa anauza chai na chapati kwenye stendi ya teksi, na chumba alichokulia kimepangishwa.

Mzee yule alikuwa mtu mwema. Aliacha mtoto wake bila karatasi kwa sababu aliamini kwamba wema wake utaendelea kuishi baada yake. Sheria haifanyi kazi hivyo. Sheria yetu ya mirathi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2022, inasema kwamba mtu akifa bila wasia akaacha mwenza, watoto, wategemezi na mrithi wa kimila, basi, tukiacha nyumba ya makazi ambayo ina kanuni zake, watoto wanagawana asilimia 75 ya mali, mwenza anapata 20, wategemezi 4 na mrithi wa kimila 1. Na neno "mtoto" katika sheria hiyo linamhusu aliyezaliwa ndani ya ndoa, aliyezaliwa nje ya ndoa, na aliyeasiliwa. Wale wawili wa nje walikuwa watoto. Yule aliyekanda miguu hakuwa mtoto.

Wengine watasema: basi andikeni wasia, mambo yaishe. Wasia tutaandika. Lakini wasia hugawa mali tu. Haumfanyi mtu kuwa dada wa mtu, wala haunipi haki ya kutia sahihi mtoto anapotakiwa kupasuliwa hospitalini usiku, na wasia husomwa mimi nikiwa nimeshakufa. Mtoto anahitaji mzazi wakati mzazi yuko hai.

Wazee wa pwani walituachia methali ambayo kila mwanafunzi wa Kiswahili huikariri: mali bila daftari hupotea bila habari. Huwa tunaifafanua darasani kwa mifano ya maduka na mikopo. Mimi nasema inawahusu watoto kabla ya kuyahusu maduka. Tena sheria yetu inalo daftari hilo hasa: msajili ameagizwa kuwa na Daftari la Watoto Walioasiliwa, na kila amri ya hakimu inaingizwa humo. Mfugaji wa Nyabushozi anajua kila ng'ombe wake kwa jina na rangi. Mwenye ardhi analala na hati yake chini ya godoro. Mtoto peke yake ndiye tunayeambiwa tumchukue bila maandishi, eti maandishi yataharibu upendo.

Kuna wanaosema kwamba karatasi hizi ni mambo ya Wazungu. Naelewa chanzo cha fikra hiyo, maana kwa miaka mingi waliokuwa wakionekana mahakamani kwa ajili ya watoto walikuwa wageni na mawakili wao. Lakini tukumbuke walichokuwa wakikifanya. Sheria ya Watoto ilimtaka mgeni akae hapa akimlea mtoto miezi 36 kabla ya kumwasili. Wengi hawakukaa. Waliomba Mahakama Kuu amri ya uangalizi tu, wakapanda ndege na mtoto, wakaenda kumalizia mambo kwao. Wako wazazi vijijini walioweka dole gumba wakiamini kwamba mtoto anakwenda kusoma na atarudi. Mnamo Agosti 2020 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda, wakili mmoja na mume wa wakili huyo, ikiwatuhumu kuhusika katika mpango wa namna hiyo, wa watoto waliotolewa kwa wazazi wao kwa ahadi za uongo.

Je, hapo kilichowaumiza wale wazazi ni wingi wa sheria? La. Kilichowaumiza ni njia ya mkato. Mtu alitaka mtoto haraka, akamkwepa afisa, akakwepa miaka ya kungoja, na hakuna aliyerudi kijijini kuuliza kama kweli mtoto huyu hana mama. Ndiyo maana marekebisho ya mwaka 2016 yaliifunga njia hiyo: uangalizi wa kisheria ukabaki kwa raia wa Uganda, na mgeni anayetaka kuasili akatakiwa kuishi hapa na kumlea mtoto kwa mwaka mmoja. Sasa jirani yangu ananiambia nami nipite njia ya mkato, kwa sababu mimi si Mzungu. Mama aliyedanganywa analia vilevile, mtoto wake awe amekwenda Chicago au Kawempe. Watoto wengi walio katika nyumba za kulelea wana ndugu walio hai. Afisa anapotumia miezi kuwatafuta ndugu hao, hanicheleweshi bure. Ananizuia nisimchukue mtoto wa mtu.

Majirani zetu nao hawakuona haya kushika kalamu. Kenya ilisimamisha wageni kuasili watoto wake Novemba 2014. Rwanda ilisimamisha mwaka 2010 ili kwanza itengeneze utaratibu wake, kisha mwaka 2013 ikaanzisha mpango wa Tubarerere mu Muryango, maana yake tuwalee katika familia, wa kuwatoa watoto kwenye vituo na kuwapeleka majumbani. Familia zinazopokea watoto hao huitwa Malayika Murinzi, malaika walinzi. Nani atasema Mnyarwanda anayempokea mtoto asiye wa damu yake, akaandikishwa na kutembelewa na serikali, ameacha kuwa Mwafrika?

Nimeacha kwa makusudi hoja ya shangazi wa mume wangu iwe ya mwisho, kwa sababu ndiyo inayonikosesha usingizi. Kwetu Buganda, shangazi, yaani ssenga, ana sauti katika nyumba ya mtoto wa kaka yake kuliko hakimu. Aliniita, akanikalisha mkekani, akaniambia kwa upole: "Mwanangu, hakimu atampa mtoto baba. Je, atampa muziro? Ataingia katika kundi gani kati ya koo zetu 52? Tutakapowaalua watoto, kitovu chake kiko wapi?" Wasomaji wasio Waganda waelewe kwamba zamani, na mahali pengine hata leo, vitovu vilivyokauka vya watoto huhifadhiwa, kisha hutumbukizwa majini mbele ya ukoo. Kikielea, mtoto ni wetu. Kikizama, mama ana maswali ya kujibu.

Sikumbishia ssenga siku ile. Mkwe mwenye adabu habishani mkekani. Ila hapa naandika, na kwa heshima zote namjibu. Ni kweli, ssenga, hakimu hana muziro wa kugawa. Koo ndizo zilizo nao. Lakini koo hizohizo zilijua tangu zamani kumfanya mgeni kuwa ndugu. Wanaume wawili wasio wa tumbo moja walikaa pamoja, wakachanjwa, wakala punje za kahawa zilizopakwa damu ya mwenzake, na kuanzia siku hiyo wakawa ndugu kwa omukago. Aliyevunja omukago aliogopewa kuliko aliyemwibia kaka yake wa damu. Omukago ulihitaji nini? Ulihitaji hiari, kiapo na mashahidi. Mambo hayo matatu ndiyo ambayo hakimu anayataka kwetu, na mtoto akiwa amefikisha miaka 14, naye lazima aulizwe kama anakubali. Sioni ugeni wowote hapo. Wazee waliokubali punje ya kahawa imfanye mtu kuwa ndugu wanaweza kukubali amri ya mahakama imfanye mtoto kuwa mjukuu. Likibaki la muziro, tumekuja kuuomba kwenu mchana, kwa jina la mtoto na karatasi yake mkononi. Hatutaki kuuiba.

Nasema kuiba kwa sababu wapo walionishauri hivyo. Nenda upande wa mbali miezi sita, funga nguo tumboni, urudi na mtoto useme umejifungua. Wanaotoa ushauri huu wanadhani wananiokoa na jina la mugumba, mwanamke tasa. Kwa hiyo ili mimi nisitiriwe, mtoto aishi ndani ya uongo unaojulikana na mkunga, na dereva, na wifi mmoja mwenye mdomo. Siku ya ugomvi wa kwanza wa shamba, uongo huo utatolewa kabatini, na atakayevuliwa nguo hadharani ni mtoto.

Sisemi kwamba utaratibu wetu hauna kasoro. Afisa mmoja wa ustawi anahudumia wilaya nzima, na siku aliyotutembelea alikuja kwa bodaboda tuliyoilipia sisi. Katika ofisi moja ambayo sitaitaja, karani alituambia kwamba faili letu limechoka kutembea kwa miguu na linahitaji nauli. Raia anayemwasili mtoto raia huenda kwa hakimu mkuu wa wilaya, si lazima afike Mahakama Kuu, na hilo ni jema. Lakini mkulima wa mahindi atamlipa wakili kwa gunia ngapi? Hizo ni kasoro za kweli, na dawa yake ni kuidai serikali magari, maafisa na msaada wa kisheria wa bure. Barabara yenye mashimo huzibwa mashimo. Hatuwaambii watu waanze kupita porini na watoto mgongoni.

Nitaongeza jambo moja ambalo limenifundisha mengi kuhusu ushauri wa "chukueni tu". Maombi yetu yalihitaji watu wa kutudhamini, watu wanaotufahamu watakaoandika kwamba tunafaa kuwa wazazi. Tuliwaendea wawili kati ya wale waliotuhimiza tumchukue mtoto bila mahakama. Wote wawili walikataa. Mmoja alisema mambo ya sahihi ni mazito. Je, likitokea la kutokea? Kumbe uzito wa sahihi wanaujua vizuri sana! Wanajua kwamba anayetia sahihi anaweza kuulizwa. Basi ndiyo hiyo sababu ninayoitaka sahihi yangu, na ya mume wangu, iwe pale kwenye faili, ili tuulizwe. Mtoto ambaye hakuna anayeweza kuulizwa kuhusu yeye ndiye anayeishia kwenye stendi ya teksi.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wenzangu, ninyi mtakaokuwa walimu na watangazaji na wakalimani katika nchi hizi jirani: mtu akiwaambia anataka kuasili, msimpe njia ya mkato. Mweleweshe tofauti ya kulea na kuasili katika lugha anayoijua. Mpeleke kwa afisa. Akihitaji mdhamini, naye unamfahamu kuwa mtu mwema, tia sahihi. Sisi bado tunahitaji mmoja.